Mkahawa Uliotulea Gombak

Hotuba kwa wanafunzi wanaokwenda kusoma Malaysia, Dar es Salaam

Assalaam alaykum. Habari za jioni.

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, wazazi, wenzangu tuliosoma Malaysia kwa nyakati tofauti, na ninyi vijana ambao viza zenu zimeshatoka: asanteni kwa kunipa nafasi hii. Waliotangulia wamewaeleza habari za usajili, bima, ada na kalenda ya masomo. Wamesema vizuri, sina la kuongeza. Mimi nimeomba nizungumzie mkahawa.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Kuala Lumpur. Nikapata jioni moja isiyo na kikao, nikapanda treni kwenda Gombak, pembezoni mwa jiji, kula pale nilipokuwa nakula nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, ambacho Wamalaysia wenyewe hukiita UIA. Niliyoyaona na kuyasikia pale yamenifanya niitazame upya miaka yangu ya chuo, na naamini yanawahusu ninyi mnaoondoka kuliko ushauri mwingine wowote ninaoweza kuwapa. Mkahawa wenyewe sitautaja jina. Familia inayouendesha ni watu wa kazi, hawakuniomba niwatangaze.

Niwaeleze kwanza ni mkahawa wa aina gani. Malaysia wapo Waislamu wenye asili ya Kitamil, kutoka kusini mwa India. Mababu zao walivuka Ghuba ya Bengal kwa biashara na kazi za bandarini, wengi wao wakashukia Penang, kisiwa ambacho Waingereza walikifanya bandari yao mwaka 1786. Watu huwaita Mamak, na mikahawa yao nayo huitwa mamak. Wachuuzi wao wa zamani walitembeza wali na mchuzi kwa mzega, mzigo mmoja mbele na mwingine nyuma, wakiwauzia makuli wa bandari. Chakula kile ndicho nasi kandar ya leo, na Penang upo mkahawa, Hameediyah, ulioanzishwa mwaka 1907 na bado unapakua. Unapewa wali, unanyoosha kidole: kuku, ngisi, bamia, yai. Mhudumu anachota mchuzi wa sufuria hii, anaongeza wa sufuria ile, anachanganya juu ya wali. Ukitaka mchuzi uje mpaka wali uzame, unamwambia *banjir*, naye anafanya mafuriko kwelikweli.

Lakini wanafunzi hatukuwa watu wa nasi kandar kila siku. Sisi tulikuwa watu wa roti canai, na hapa naomba mnivumilie, maana kazi ile inastahili kuelezwa.

Unga wa ngano unakandwa kwa maji, chumvi na mafuta au samli, na wengine hutia maziwa mazito ya kopo kidogo. Unakatwa madonge. Kila donge linapakwa mafuta hadi ling'ae, yanapangwa kwenye sinia, yanaachwa yalale saa nyingi. Hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu donge ambalo halijalala linavutika kidogo tu kisha linachanika. Mpishi anachukua donge moja, analibamiza kwenye meza iliyopakwa mafuta, analikandamiza kwa viganja mpaka liwe kama sahani. Kisha anaingiza vidole chini yake, analiinua na kulirusha kwa kulizungusha, upande mmoja umeshikwa, mwingine unaruka na kurudi mezani. Mrusho wa kwanza linapanuka. Wa pili, wa tatu, limekuwa jembamba kiasi kwamba ukilitazama dhidi ya taa unaiona taa. Analikunja huku na huku, ndani hewa imenaswa, analitupa kwenye chuma cha moto. Likiiva pande zote mbili analiweka mezani na kulipiga makofi kutoka pembeni, pa, pa, pa, tabaka ziachane. Linakuja mbele yako kwenye sahani ya chuma yenye vyumba vitatu: roti, dali, mchuzi wa samaki. Tangu donge linyanyuliwe mpaka roti ifike mezani ni dakika chache, na nyuma yako wapo watu kumi wanaongoja yao.

Na chai. Majani yanachemshwa mpaka yawe makali, yanatiwa maziwa mazito matamu, kisha mpishi anashika magi mbili za chuma, moja juu ya kichwa, moja kiunoni, anamimina kutoka hii kwenda ile, mara kadhaa, mkondo mrefu usiomwagika. Chai inapoa kiasi cha kunyweka na inapata povu. Hiyo ndiyo teh tarik. Mkiambiwa ni maonyesho ya kuvutia watalii msikubali. Yule bwana anaifanya hivyo hivyo saa tisa usiku mbele ya dereva wa teksi mmoja tu.

Kijana wa Tanga, wa Lamu au wa Unguja akikaa meza ile haoni ugeni mkubwa. Wali wa nazi upo: wao huupika kwa jani la jamii ya mkadi, huuwekea pilipili iliyopikwa, dagaa wa kukaanga, karanga, tango na yai, huufunga kwenye jani la mgomba na kuuita nasi lemak. Mkate wa mayai wa Mombasa una ndugu yake pale, murtabak, nyama na mayai ndani, kitunguu cha siki pembeni. Chapati ipo na chai ya maziwa ipo. Sioni kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Bahari ni ile ile, nazi ni ile ile, na mpishi wa Kihindi alifika pwani zote mbili. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia, pamoja na nasi lemak, roti canai na teh tarik, katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nilifurahi niliposikia, kama mtu aliyesikia jirani yake amepewa tuzo.

Sasa nirudi kwetu. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, ringgit, sarafu ya Malaysia, ilikuwa imefungwa kwenye dola kwa kiwango kimoja, ringgit 3.80 kwa dola, tangu Septemba 1998 baada ya msukosuko wa fedha wa Asia, na haikufunguliwa mpaka Julai 2005. Kwa hiyo sisi tuliotegemea dola za wafadhili tulijua hasa tuna kiasi gani, na kwa kawaida kilikuwa kidogo. Roti tupu pale mkahawani haikufika ringgit moja. Roti mbili na chai ndio ulikuwa mlo wa jioni, na mara nyingine ndio ulikuwa mlo wa siku nzima.

Fedha za udhamini zilichelewa. Sitasema za nani, na wenzangu wa rika langu hawahitaji kuambiwa. Zilichelewa mwezi, kisha miwili. Ofisi ya chuo ilikuwa na huruma lakini ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni, na njaa haina saa za kazi. Mwenye mkahawa alikuwa na daftari. Hakuwa anajua majina yetu sawasawa, kwa hiyo alituandika kwa jina la bweni na alama ya mtu. Chuoni mabweni yanaitwa mahallah, na mengi yana majina ya masahaba: Mahallah Ali, Mahallah Bilal, Mahallah Uthman. Mimi nilikaa Mahallah Zubair, basi daftarini nilikuwa "Zubair mrefu". Alikuwepo "Bilal miwani", alikuwepo "Ali Somalia". Tulikula, akaandika. Fedha zilipofika tulilipa, akakata mstari. Sikumbuki hata mara moja kusikia akimdai mwanafunzi mbele ya watu.

Naomba mlitafakari hilo mkizingatia biashara ilivyo. Faida ya roti moja ni senti. Mtu anayeishi kwa senti ndiye aliyetukopesha sisi, wageni kutoka bara lingine, bila kitambulisho wala mdhamini, na angeweza kupoteza yote siku tukipanda ndege.

Halafu kulikuwa na kukaa. Pale hakuna anayekuinua. Agiza teh O moja, yaani chai ya rangi, kaa kwa muda wa saa nne. Milango ilikuwa haifungwi, maana haikuwepo. Ni paa, nguzo, meza za plastiki na feni. Mkahawa ulifanya kazi usiku na mchana. Mwenzangu mmoja wa Bukoba aliandika tasnifu yake yote kwenye meza ya pembeni karibu na sinki, kwa sababu bwenini mwenzake alikuwa analala mapema. Meza ya jirani walikaa Wasudani, wanabishana mpaka mtu unaogopa, kumbe wanazungumzia mpira. Wabosnia walikuja baada ya sala ya ijumaa. Wangazija walisogeza viti kwetu, nasi tulisogeza vya kwetu kwao.

Na sisi wenyewe, waongea Kiswahili! Mimi nimezaliwa Tanga, na mpaka nafika miaka ishirini sikuwahi kula meza moja na Mkongo wa Bukavu, wala Mrundi wa Buyenzi, wala binti wa Kampala anayezungumza Kiswahili alichofundishwa na bibi yake. Jirani zangu hawa nilikutana nao Gombak. Tulijuana kwenye kubishana ni nani anapika pilau vizuri, nani anatia nyanya, nani hatii. Wenzetu wa Mombasa hawakukubali kushindwa mpaka tukaenda jikoni kwao Eid, na nakiri mbele yenu kwamba walishinda.

Usiku mmoja nitautaja kwa tarehe, maana wako watu humu ndani walikuwepo. Tarehe 25 Mei 2005, fainali ya klabu bingwa Ulaya, Liverpool na Milan, mjini Istanbul. Kwa saa za Malaysia mpira ulianza saa tisa kasorobo usiku, tayari tarehe 26. Mkahawa ulijaa mpaka barabarani. Mapumziko Milan wanaongoza tatu kwa sifuri. Mashabiki wa Liverpool wakataka kuondoka, na kaka wa roti akawaambia wakae, roti bado zipo. Wakakaa. Dakika chache kipindi cha pili zikawa tatu kwa tatu. Nilimwona Mchina mmoja mtu mzima, fundi wa magari wa mtaa ule, amemkumbatia kijana wa Lamu ambaye hakuwa anamjua. Penalti zilipokwisha, adhana ya alfajiri ilikuwa karibu, na kaka wa roti alikuwa anafungua sinia jipya la madonge kwa ajili ya wanaokwenda kazini.

Huyo kaka wa roti ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake.

Tulimwita *anneh*, kama Watamil wanavyomwita kaka mkubwa. Alitoka wilaya ya Ramanathapuram, Tamil Nadu, pwani kule ambako India inakaribia Sri Lanka. Alikuwa na kibali cha kazi, mke na watoto nyumbani, na zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili kwenye chuma cha moto. Sisi tulikuwa na viza ya masomo na vitabu, yeye alikuwa na viza ya kazi na madonge. Ukitutazama vizuri tulikuwa watu wa hali moja: wote mbali na mama zetu, wote tunahesabu ringgit, wote tunangoja habari za nyumbani. Tofauti ni kwamba sisi tungetoka pale na shahada na picha za mahafali, yeye akabaki amesimama. Tulizungumza naye Kimalay cha kuokoteza, chetu na chake. Kila nikirudi kutoka kwenye kibanda cha simu aliniuliza, mama yako vipi? Hakuwahi kuniuliza masomo.

Nikiwa mwanafunzi sikuliona hili. Niliona mkahawa, niliona chakula rahisi, niliona watu wema. Mwaka jana ndipo nilipoelewa kwamba wema ule ulikuwa ni kazi ya mtu, saa kwa saa, na mtu huyo alikuwa mgeni kama mimi.

Basi nilipanda treni pale kituo cha KLCC, chini ya yale majengo pacha ya Petronas. Treni haina dereva. Ukiwahi kiti cha mbele kabisa unaiona njia yote. Inakwenda chini ya ardhi, Ampang Park, Damai, kisha inachomoza juu kabla ya Dato' Keramat na unaona maghorofa, miti na vilima. Mwisho wa njia ni Gombak. Nilipita chuoni kwanza, nikaswali magharibi msikitini, Mto Pusu ukiwa bado unapita katikati ya chuo. Kisha nikatoka.

Mkahawa upo. Una bango jipya lenye taa. Ukutani kuna kialama cha kupigwa picha kwa simu ili ulipe. Moshi wa sigara haupo tena, kwani tangu tarehe 1 Januari 2019 ni marufuku kuvuta sigara mikahawani, na hilo ni jambo jema kabisa. Roti tupu inakaribia ringgit mbili. Dali imekuwa nyepesi kuliko zamani, roti ni nzuri vilevile. Sitawachosha na habari za ladha. Wapo wanaorudi mahali baada ya miaka ishirini wakanusa, wakaonja, wakasema "si kama zamani," wakalipa na kuondoka. Mimi nilikwenda kwa ajili ya watu.

Kitu kilichonishtua ni bango dogo la saa za kazi. Wanafunga saa sita usiku.

Aliyekuwa kaunta ni mtoto wa mwenye mkahawa. Mzee yupo, mzima, huja asubuhi tu. Nilimwambia yule kijana mimi ni nani, nilisoma lini, nikamuuliza mbona mnafunga. Akavuta kiti, akanieleza bila haraka. Machi 18, 2020, serikali ilipofunga nchi kwa sababu ya korona, ilikuwa marufuku kula ndani ya mkahawa, ni kufungiwa chakula na kuondoka nacho. Wanafunzi walirudi makwao. Mkahawa ulioishi kwa watu kukaa ukabaki bila wa kukaa. Wafanyakazi kutoka nje wengine walirudi kwao, na vibali vipya vilisimamishwa, hivyo hata nchi ilipofunguka mkahawa haukuwa na watu wa kutosha jikoni. Kupata mtu wa kuosha vyombo usiku ikawa shida, na kupata mrushaji roti wa zamu ya usiku ikawa shida zaidi, kwani hiyo ni kazi ya kujifunza muda mrefu. Walijaribu kurudia zamu ya usiku, wakaiacha. "Viti tunavyo," aliniambia, "mikono ndiyo hatuna."

Nilimuuliza habari za anneh. Akacheka, akatoa simu. Kumbe wanawasiliana. Alirudi Ramanathapuram kabla ya korona, amefungua duka la vyakula kijijini kwao, binti yake amemaliza chuo cha uuguzi. Kijana akampigia hapo hapo kwa picha. Uso ukatokea, mvi nyingi, nyuma yake magunia ya mchele. Kijana akamwambia kwa Kitamil, huyu ni mwanafunzi wa zamani, Mwafrika. Alinitazama kidogo, kisha akasema kwa Kimalay kile kile chetu: "Roti telur dua, teh O kurang manis." Roti mbili za mayai, chai ya rangi, sukari kidogo.

Ndiyo oda yangu. Jina langu hakuwa analijua tangu zamani, ila oda yangu alikuwa nayo kichwani miaka yote hiyo. Kisha akauliza ya "Bilal miwani", akaitaja na oda yake. Bilal miwani ni daktari sasa, yuko Mwanza, na nilimpigia usiku ule ule. Halafu akaniuliza, mama yako vipi? Nikamwambia mama ni marehemu. Akanyamaza, akaniombea dua kwa Kiarabu, tukaitikia wote, mimi, kijana wa kaunta na wahudumu wawili waliokuwa wamesimama nyuma yetu.

Ndugu zangu, nimefanya kazi na vyuo kwa muda mrefu. Nimekaa kwenye vikao vinavyojadili namna ya kuwapokea wanafunzi wa kigeni. Tunaandika kurasa nyingi: wiki ya utambulisho, kitengo cha ushauri nasaha, namba ya dharura. Hayo yote yanatakiwa, na simdharau yeyote anayeyafanya. Ila kilichotushika sisi Gombak mpaka tukamaliza masomo ni meza iliyokuwa wazi usiku, chakula tulichoweza kukilipia, na mtu aliyejua tunakula nini. Mwanafunzi aliyekata tamaa saa saba za usiku haendi kitengo cha ushauri nasaha. Anakwenda penye taa na watu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni kwa sisi tuliorudi. Hapa Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Zanzibar, wapo wanafunzi kutoka Burundi, Kongo, Visiwa vya Ngazija, Sudan Kusini. Usiku wanakula wapi? Pale nje ya geti la chuo mama lishe alikuwepo miaka yote, akikopesha kwa daftari lake, mpaka siku alipoambiwa banda lake linaharibu mandhari, akaondolewa. Sisi tuliokaa kwenye kamati ndio tunaopitisha maamuzi hayo, na wengine wetu tumelishwa na daftari kama lile. Nimeshaandika barua kwenye chuo ninachofanyia kazi, kuomba mama lishe wapewe eneo lenye maji, taa na paa ndani ya uzio, na waruhusiwe mpaka usiku wakati wa mitihani. Wenzangu walio kwenye mabaraza ya vyuo vingine, nawaomba mlipeleke ombi hili na ninyi. Nakala ya barua ninayo hapa, chukueni.

Na kwenu vijana. Mtafika mkiwa mmechoka, saa tano mbele ya nyumbani, mvua ya mchana itawakuta bila mwavuli. Mtaonyeshwa maduka makubwa yenye vyakula mnavyovijua kwenye matangazo. Muende tu, si vibaya. Lakini wiki ya kwanza tafuteni mamak iliyo karibu na bweni, kaeni, agizeni roti na dali. Kuleni kwa mkono wa kulia kama mnavyokula nyumbani, hakuna atakayewashangaa. Ukimaliza usitafute karatasi ya bili. Simama, sema "boss, kira", atakuja kuhesabu kwa kutazama sahani zako. Chai yao ni tamu sana, anayeogopa sukari aseme *kurang manis*. Ramadhani mkiwa Kuala Lumpur msikose uji wa nyama unaopikwa Msikiti wa Jamek wa Kampung Baru na kugawiwa bure alasiri. Pangeni foleni na wenyeji, mtajua mji kwa siku moja.

Msikae meza ya Watanzania watupu. Nalisema hili kwa uzito. Watanzania mtawakuta hapa mkirudi, tumejaa.

Na yule anayerusha roti, anayeosha sinki, anayefuta meza mkiwa mnaandika kazi zenu, muulizeni ametoka wapi. Leo huenda ni Mbangladeshi, huenda ni Mnepali, huenda ni Mtamil. Muulizeni mama yake hajambo. Mkimaliza masomo, siku ya kuondoka, baada ya kuwaaga walimu, mumuage na yeye, na mchukue namba yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami namalizia. Kule nyuma, upande wa jikoni, kuna masinia matatu ya madonge yaliyolala tangu asubuhi, na chuma kimeshapata moto. Wenzetu wawili waliojifunza kurusha wakiwa Gombak ndio watakaoanza. Dali ya kutosha ipo, mchuzi wa samaki upo, na kwa wasiokula pilipili tumetenga sufuria yao. Vijana wanaotaka kujaribu wavue saa na pete kwanza, wanawe mikono mpaka kwenye viwiko, waje wapange mstari kushoto kwa meza. Wazee tutawaletea mlipo.

Asanteni sana.